Kolombia: Redio 20 zilizoandikwa kwenye mkataba wa amani

Watu waliopigana wanapokaa mezani kutafuta amani, hubishana kuhusu ardhi, silaha, jela na viti vya bunge. Serikali ya Kolombia na waasi wa FARC walibishana kuhusu hayo yote kwa miaka minne mjini Havana, Kuba. Mkataba wao wa mwisho, uliotiwa saini mjini Bogotá tarehe 24 Novemba 2016, una kurasa zaidi ya 300. Ndani ya kurasa hizo kuna kifungu ambacho wengi walikipita bila kukisoma: serikali itajenga vituo 20 vya redio ya FM katika maeneo yaliyoumizwa zaidi na vita, mengi yakiwa ya vijijini.

Sisi ni watu wa redio, na wengi wenu mnaotusoma hapa mnatusikiliza kwa simu mkiwa shambani au mkirudi kutoka gulioni. Kwa hiyo kifungu hicho kilitushika. Kwa nini watu waliouana kwa zaidi ya miaka 50 waone kwamba redio ya kijijini ni sehemu ya amani? Kolombia si nchi iliyokosa redio. Redio ya taifa ipo tangu mwaka 1940, mitandao mikubwa ya biashara inasikika karibu kila mkoa, na jeshi lina vituo vyake. Hewa ya Kolombia ilikuwa imejaa sauti. Ili kuelewa kilichokosekana, inabidi turudi nyuma kidogo.

Mlima hauruhusu

Kolombia iko kaskazini-magharibi mwa Amerika Kusini. Ina watu zaidi ya milioni 50, na wengi wao huzungumza Kihispania. Milima ya Andes inaingia nchini kutokea kusini kisha inagawanyika katika safu tatu ndefu. Kati ya safu hizo kuna mabonde yenye miji mikubwa na mashamba. Upande wa mashariki ni mbuga na msitu wa Amazon, ambako kuna maeneo yanayofikiwa kwa mtumbwi au kwa ndege tu.

Kwa redio, nchi ya namna hiyo ni mtihani. Mawimbi ya FM yanasafiri karibu kama mwanga wa tochi: ukiwa mbele yake unaona, ukijificha nyuma ya kilima huoni. Ndiyo maana hata kwetu unaweza kusikia kituo vizuri ukiwa juu ya mlima, ukishuka bondeni kinakwaruza na kupotea. (Na ndiyo maana simu yako inakuomba uchomeke spika za masikioni kabla ya kufungua FM. Waya wake ndio antena.) Mawimbi ya masafa ya kati, yale ya AM, hutambaa na ardhi na usiku huruka mbali sana, lakini mitambo yake hula umeme mwingi na sauti yake si safi. Masafa mafupi huenda mbali zaidi, ila simu za leo haziyapokei.

Kwa hiyo mtu wa Bogotá akitaka kuzungumza na mtu wa bonde la mbali, ana njia mbili. Ama ajenge mtambo mkubwa sana mahali pamoja, au ajenge mitambo midogo mingi, mmoja kwa kila bonde. Njia ya kwanza inampa yeye nafasi ya kusema na nchi nzima. Njia ya pili, kama watu wa bondeni wakipewa studio pamoja na mnara, inawapa wao nafasi ya kusema. Kolombia ilianza na ile ya kwanza, na ilifika nayo mbali.

Padri, betri na kitabu cha kusoma

Mwaka 1947 padri kijana aliyeitwa José Joaquín Salcedo alipelekwa kwenye parokia ya Sutatenza, kijiji cha wakulima katika mkoa wa Boyacá. Wengi wa waumini wake hawakujua kusoma wala kuandika. Padri huyu alipenda mambo ya redio. Akafunga mtambo mdogo wa kurushia matangazo, na mwezi Oktoba mwaka huohuo wakulima wa kijiji wakapiga muziki wao hewani. Baada ya muziki yakafuata masomo.

Hapo ndipo ilipoanza Radio Sutatenza, na shirika lake lililojulikana kwa kifupi kama ACPO. Familia zilipewa au kuuziwa redio ya betri iliyofungwa kwenye masafa moja tu, ya Sutatenza. Hukuweza kuzungusha kitufe ukatafuta muziki kwingine. Saa ya somo ilipofika, watu wa nyumba moja na majirani walikusanyika kuzunguka redio. Kati yao alikuwepo mmoja anayejua kusoma angalau kidogo, naye aliitwa msaidizi. Mwalimu alisema hewani, "andikeni herufi A," na msaidizi aliiandika ubaoni na kuwashika wengine mkono. Vitabu vya masomo vilisambazwa nchi nzima, zaidi ya milioni 6.4. Havikufundisha kusoma tu, bali pia lishe, utunzaji wa udongo, afya na namna ya kuboresha nyumba. Gazeti la shirika hilo, El Campesino, yaani "Mkulima", lilianza mwaka 1958 na likawapa waliojifunza kitu cha kusoma kila wiki.

Jambo moja katika historia hii limetugusa kuliko yote. Wakulima walioanza kujua kuandika waliiandikia redio barua, na shirika liliajiri watu wa kuzijibu. Rekodi zinaonyesha barua zaidi ya milioni 1.2 zilijibiwa. Fikiria mtu wa miaka 40 ambaye mwaka uliopita hakuweza kuandika jina lake. Sasa anaandika barua kwa redio ya mbali, kisha siku moja bahasha inafika yenye jina lake juu. Nyaraka hizo bado zipo Bogotá, katika maktaba ya Luis Ángel Arango ya benki kuu ya nchi hiyo, na watafiti huenda kuzisoma.

Sutatenza ilisifiwa na kuigwa katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini. Lakini tusiifanye ya malaika. Mkulima alikuwa mwanafunzi, na padri ndiye aliyeamua somo. Barua za wakulima zilijibiwa kwa barua, lakini mada za vipindi zilipangwa na makao makuu. Shirika lilipoanza kuzungumza kuhusu uzazi wa mpango, hata kwa maneno ya kupimapima, liligombana na maaskofu. Fedha zikapungua na madeni yakaongezeka. Mwaka 1989 mitambo na masafa yake viliuzwa kwa mtandao wa biashara wa Caracol. Wakulima waliosikiliza kwa miaka 40 hawakuwa na neno la kusema, kwa sababu redio haikuwa yao.

Redio ya taifa ilikuwa wapi?

Serikali nayo ilikuwa na redio yake. Radio Nacional ilifunguliwa tarehe 1 Februari 1940, chini ya Rais Eduardo Santos. Ilikuwa redio ya elimu na utamaduni kwa maana ya mjini: muziki wa kitambo wa Ulaya, michezo ya kuigiza, mihadhara ya wasomi. Vipindi vingine vilikuwa vizuri sana. Lakini mkulima wa bondeni aliyebahatika kuikamata alikuwa anasikiliza mazungumzo ya watu wengine.

Tarehe 9 Aprili 1948 kiongozi wa kisiasa aliyependwa na maskini, Jorge Eliécer Gaitán, alipigwa risasi na kuuawa katikati ya Bogotá. Jiji liliwaka moto. Watu waliokasirika waliingia katika vituo vya redio, ikiwemo Radio Nacional, wakashika vipaza sauti na kuwaita wananchi waasi. Tangu siku hiyo hakuna mtawala wa Kolombia aliyehitaji kuelezwa nguvu ya redio. Vurugu zikahamia vijijini, wafuasi wa vyama viwili vikubwa wakauana kwa miaka zaidi ya kumi, na kutoka katika majivu hayo, mwaka 1964, zikazaliwa FARC na kundi jingine la waasi, ELN.

Wakati huo mitandao ya biashara ilikuwa inakua. Caracol na RCN zilianza mwishoni mwa miaka ya 1940, zikaunganisha vituo vya miji mbalimbali vikawa vinarusha kipindi kimoja kwa wakati mmoja. Habari, mpira, michezo ya kuigiza, na mbio za baiskeli za kuizunguka nchi, zilizoanza mwaka 1951. Watu waliwajua waendesha baiskeli kwa sauti ya mtangazaji kabla ya kuona sura zao. Mitandao hii iliiunganisha nchi kuliko serikali ilivyoweza, hilo lazima tulikubali. Lakini tangazo la sabuni ndilo linalolipa mshahara, na mwenye sabuni hutafuta mahali penye wanunuzi wengi. Kijiji chenye familia 80 kando ya mto hakimo katika hesabu yake.

Sauti za vita

Katika miaka ya 1990 vita vilipozidi, redio nayo iliingia vitani. FARC walikuwa na redio yao ya msituni, Voz de la Resistencia, maana yake "Sauti ya Upinzani". Jeshi la nchi kavu lilikuwa na mtandao wake, Colombia Estéreo, uliochanganya muziki na ujumbe wa kuwataka wapiganaji wajisalimishe. Mkulima aliyeishi kati ya pande hizo mbili aliweza kusikia zote. Kusema kitu yeye mwenyewe, kwa jina lake, katika eneo lake, lilikuwa jambo jingine kabisa.

Waliojaribu, baadhi walilipa kwa uhai. Katika mkoa wa Arauca, mpakani na Venezuela, kituo kidogo cha Meridiano 70 kilimpoteza mwenye kituo, Efraín Varela, aliyeuawa na wanamgambo mwezi Juni mwaka 2002. Mwaka uliofuata mwenzake, Luis Eduardo Alfonso, naye aliuawa. Walikuwa wanatangaza habari za mahali wanapoishi, zikiwataja watu wenye bunduki wanaoishi hapohapo. Mwandishi wa Bogotá akitangaza habari hiyo, jioni analala Bogotá. Hapo ndipo ugumu wote wa redio ya kijijini ulipo, na haujaisha.

Hata hivyo, kulikuwa na kipindi kimoja cha mtandao wa biashara ambacho Wakolombia wengi hawatakisahau. Mwandishi wa Caracol, Herbin Hoyos, alitekwa na FARC mwaka 1994. Alipokuwa mateka alikutana msituni na mateka mwingine aliyefungwa minyororo, mwenye redio ndogo. Mtu huyo, kwa simulizi ya Hoyos mwenyewe, alimuuliza kwa nini waandishi hawafanyi lolote kwa ajili yao. Hoyos alipookolewa alianzisha kipindi cha "Voces del Secuestro", yaani "Sauti za Utekaji". Usiku wa kuamkia Jumapili, hadi alfajiri, mama, wake, waume na watoto walizungumza na ndugu zao walioko msituni. Mtoto alieleza amefaulu mtihani. Mama alisema bado anamsubiri. Hawakujua kama mwenyewe anasikia, au kama bado yuko hai. Ingrid Betancourt, mwanasiasa aliyeshikiliwa tangu 2002 hadi 2008, alisema baada ya kuokolewa kwamba sauti ya mama yake kwenye redio ilimsaidia kuendelea kuishi. Kipindi kilifungwa mwaka 2018.

Tunakitaja kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo mahubiri ya padri, mihadhara ya Radio Nacional na matangazo ya jeshi hayakulionyesha. Mateka wa msituni hakutaka kuelimishwa wala kushawishiwa. Alitaka kumsikia mtu wake.

Kifungu cha redio

Sasa turudi Havana. Wajumbe wa pande mbili walipofika kwenye sehemu ya utekelezaji, walikubaliana kwamba mkataba wenyewe utahitaji kuelezwa kwa watu. Haikuwa hofu ya bure. Toleo la kwanza la mkataba lilipopigiwa kura ya maoni tarehe 2 Oktoba 2016, upande wa "Hapana" ulishinda kwa tofauti ndogo isiyofika nusu ya asilimia moja. Maeneo mengi yaliyoumizwa na vita yalisema "Ndiyo". Huko Bojayá, ambako mwaka 2002 bomu la FARC liliangukia kanisa lililojaa watu waliojificha na kuua makumi, wengi wao watoto, zaidi ya watu 9 katika kila 10 waliopiga kura waliunga mkono amani. Baadhi ya miji mikubwa, ambako vita vilionekana zaidi kwenye televisheni, ilikataa. Baada ya kura hiyo mkataba ulirekebishwa na kusainiwa upya mwezi Novemba.

Kifungu cha redio kilibaki. Vituo 20 vya FM, visivyo vya biashara, vikisimamiwa na RTVC, shirika la utangazaji la taifa linaloendesha pia Radio Nacional. Kwa miaka miwili ya mwanzo muda wa hewani ugawanywe kwa makundi matatu: vyama vya waathirika wa vita, waliokuwa wapiganaji wa FARC, na RTVC yenyewe. Watu kutoka makundi hayo wafundishwe kazi ya utangazaji.

Soma tena orodha hiyo polepole. Mtu aliyefukuzwa kwenye shamba lake, na mtu aliyekuwa katika kundi lililomfukuza, wanaingia katika studio moja. Pengine mmoja anatoka na mwingine anangoja mlangoni zamu yake. Hatujui mfano mwingine ambao waandishi wa mkataba wa amani waliamini kiasi hicho meza, kipaza sauti na ratiba ya vipindi.

Vituo vya kwanza vilifunguliwa mwaka 2019, miaka mitatu baada ya saini. Huo ni ucheleweshaji mkubwa, na sehemu yake ni siasa: Rais Iván Duque, aliyeingia Agosti 2018, alitoka katika kambi iliyoupinga mkataba. Kati ya vituo vya mwanzo vilikuwepo Ituango katika mkoa wa Antioquia, na Chaparral katika mkoa wa Tolima, eneo la kusini ambako FARC walianzia. Vikafuata vingine, vikiwemo Convención karibu na mpaka wa Venezuela, San Jacinto kwenye vilima vya Montes de María, Fonseca kule La Guajira, na Arauquita katika mkoa uleule walikouawa watangazaji wa Meridiano 70.

Vituo hivi ni sehemu ya Radio Nacional. Vinapokea habari na vipindi kutoka Bogotá, na saa nyingine vinarusha vyao. Hapo ndipo utasikia bei ya kahawa, barabara iliyokatwa na maporomoko, mkutano wa waathirika, chanjo ya mifugo, na muziki wa hapohapo: filimbi ndefu za gaita San Jacinto, vallenato Fonseca. Mtangazaji anaongea Kihispania kwa lafudhi ya bonde lake. Mtu wa mjini anaweza kuona hilo ni dogo. Mtu ambaye lafudhi yake huchekwa mjini anajua si dogo.

Mnara haukuzuia risasi

Ituango ndiyo inayotufanya tusiwe wepesi wa kusherehekea. Kituo kilifunguliwa mwaka 2019. Katika wilaya hiyohiyo, mahali paitwapo Santa Lucía, palikuwa na makazi ya waliokuwa wapiganaji wa FARC waliorudisha silaha na kuanza kulima na kufuga. Makundi mengine yenye silaha yalianza kuwaua. Mwezi Julai 2020 waliobaki, pamoja na familia zao, walipakia vitu na kuhamia Mutatá, mbali na hapo, kwa sababu hawakuwa salama. Kati ya makundi matatu yaliyopaswa kugawana kipaza sauti cha Ituango, moja lilikuwa limehama kuokoa maisha. Nchi nzima, waliokuwa wapiganaji zaidi ya 400 wameuawa tangu mkataba usainiwe. Viongozi wengi wa vijiji wameuawa pia.

Convención nako hakukutulia. Mji huo uko katika eneo la Catatumbo, lenye mashamba ya koka na njia za magendo kwenda Venezuela. Katikati ya Januari 2025 ELN walishambulia kundi la waliokuwa FARC waliokataa au kuuacha mkataba. Makumi ya watu waliuawa, wakiwemo raia na watu waliokwisha kuweka silaha chini, na zaidi ya watu 50,000 walikimbia makwao kwa wiki chache. Rais Gustavo Petro alitangaza hali ya hatari. Redio ya amani ilikuwepo, lakini amani yenyewe ilikuwa imeondoka.

Je, hiyo inamaanisha kituo kilishindwa? Tunaona swali hilo halijakaa sawa. Redio haina jeshi wala polisi. Mkataba uliahidi pia ardhi, barabara, mazao mbadala ya koka na ulinzi, na mengi kati ya hayo yamechelewa kuliko redio. Kosa ni kujenga mnara kisha kuhesabu kwamba eneo limehudumiwa. Mnara unapigwa picha vizuri siku ya ufunguzi. Askari wa kulinda njia ya kijijini kila usiku, na hakimu anayesikiliza kesi za mashamba kwa miaka kumi, hawapigwi picha.

Kuna hatari nyingine inayotokea ndani ya studio. Mtangazaji wa redio ya amani anaishi hapo anapotangazia, kama alivyoishi Varela. Anapotangaza kuhusu kundi lenye silaha, kundi linamsikia. Anapokaa kimya, majirani wanamsikia akiwa kimya. Kwa hiyo tusishangae kituo cha eneo la namna hiyo kikitumia muda mwingi kwa muziki, kilimo na masomo ya shule. Wakati mwingine hiyo ndiyo habari inayoweza kutangazwa na mtu akafika nyumbani.

Nani analipa, nani anaamua

Bado kuna mkono wa Bogotá. RTVC iliundwa mwaka 2004 baada ya shirika la zamani kuvunjwa, na fedha zake zinategemea serikali. Kolombia huapisha rais kila miaka minne, tarehe 7 Agosti, na kila rais huja na watu wake. Januari 2019, chini ya Duque, mkuu wa RTVC Juan Pablo Bieri aliondoka baada ya sauti iliyorekodiwa kuvuja, akisikika akizungumzia kumwondoa hewani mtangazaji aliyeikosoa serikali. Chini ya Petro, lawama zimekuja kutoka upande wa pili: wapinzani wanasema RTVC, ikiongozwa na Hollman Morris tangu 2024, imekuwa tarumbeta ya rais. Wenyewe wanajibu kwamba wanawapa nafasi watu ambao vyombo vya biashara haviwapi.

Sisi hatuna haja ya kuamua ugomvi huo. Tunachoona ni kwamba serikali mbili, za mrengo wa kulia na wa kushoto, zimelalamikiwa kosa lilelile, na kituo cha Fonseca au Algeciras kiko mwisho wa mstari huo. Bajeti ikikatwa Bogotá, kinachokatwa kwanza ni saa za vipindi vya mahali. Mnara unaendelea kusimama na redio inaendelea kusikika, ila inasikika kutoka mji mkuu. Msikilizaji anaweza kukaa miezi bila kutambua lini hasa jirani yake aliacha kuongea.

Mkataba ulitaja miaka miwili ya kugawana muda kati ya waathirika, wapiganaji wa zamani na RTVC. Haukusema kwamba baada ya hapo kituo kitakuwa mali ya wilaya. Kolombia ina mamia ya redio za jamii zilizopewa leseni tangu miaka ya 1990, nyingi za kanisa, vyama vya wakulima na jamii za asili. Hizo hazina fedha, lakini zina bodi ya watu wa hapo. Redio za amani zina mitambo mizuri na mshahara wa serikali, lakini bodi yao iko mbali. Kama tungeulizwa, tungesema waathirika waliopewa theluthi ya muda wa hewani kwa miaka miwili wapewe pia kiti cha kudumu mahali ratiba na bajeti vinapopangwa. Wakulima wa Sutatenza waliandika barua zaidi ya milioni moja, na siku ya mauzo hawakuwa na kiti hicho.

Kwa anayetaka kusikia mwenyewe, RTVC hurusha vituo hivi pia kwenye intaneti kupitia ukurasa wa Radio Nacional de Colombia. Itakula bando, na ni Kihispania kitupu. Saa 12 asubuhi ya Kolombia ni saa 8 mchana kwa Afrika Mashariki, na asubuhi ndiyo saa ya wakulima.